Majalada Yaliyoliwa na Mchwa

Kwa miaka yote tuliyokuwa majirani, sikuwahi kujua kama mwenye duka la santuri alipenda muziki au aliuvumilia tu. Studio yangu ya picha ilipakana na duka lake mjini Kisii, ukuta mmoja wa matofali kati yetu, kwa hiyo kila alichokicheza nilikisikia. Angeweka rumba tamu ya kumfanya mtu aache kazi, halafu yeye mwenyewe anatoka, anasimama barazani na kikombe chake cha chai ya tangawizi, mgongo kauelekeza mlangoni, kama mtu anayesubiri mgeni mwenye kelele aondoke.

Siku moja nilimuuliza, "Mzee, wimbo wako mwenyewe unaukimbia?"

"Ndani nausikia na spika," akasema. "Hapa nausikia na watu."

Sikuelewa. Nilicheka ili adhani nimeelewa, na nadhani miaka yetu mingi ilipita hivyo.

Alikuwa Mhindi wa mji wetu. Kigujarati alizungumza na mkewe, Ekegusii na akina mama wa soko, na Kiswahili alikiweka akiba kwa ajili ya maafisa na kwa ajili ya hasira. Akikuanza kwa Ekegusii ulijua mambo ni shwari. Akigeukia Kiswahili, ulitafuta pa kupita. Mvua yetu ya alasiri ilipoanza, watu walijazana barazani kwake na matope yao, na hapo Kiswahili kilitoka chote: wanamchafulia sakafu, wanaziba mlango, hawanunui kitu. Akishamaliza kugomba aliingia ndani, akatoka na viti. Mvua ikizidi, aligeuza spika ziangalie nje.

Neno lake kubwa lilikuwa "Usikisie." Mteja angekuja, aimbe kipande cha wimbo alioukumbuka nusu, aseme, "Nafikiri ni bendi fulani." Mwenye duka aliinua kidole. "Usikisie. Kama hujui, sema hujui. Imba tena." Mtu mzima, mwalimu mkuu wa shule, alisimama pale akaimba mara tatu mbele ya wateja, shingo imemsimama, mpaka santuri yenyewe ikapatikana. Lakini yeye huyo huyo alikisia mvua, akakisia umri wa mke wangu mbele yake, na mara zote mbili akakosea vibaya.

Mchwa waliingia stoo yake mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kwa wakati ule santuri zilikuwa zimeshalala, watu walinunua kanda, na stoo ilikaa miezi mingi bila kufunguliwa. Alipoifungua, majalada ya karatasi yalikuwa yamegeuka udongo. Santuri zenyewe hazikuguswa. Alikuja mlangoni kwangu ameshika moja ndani ya mfuko wa mkate, akiishika pembeni kwa ncha za vidole kama alivyozoea.

"Wamekula nguo," akasema, "wameacha watu."

Nilimpa pole. Nilidhani atazitupa. Badala yake alizivisha zote mifuko ya mkate, akazipanga tena kwenye rafu, na kwa miaka kadhaa mtu aliyeingia pale alidhani Mhindi ameanza kuuza mikate.

Karibu na mwisho wa miaka hiyo ya tisini, binti yake aliyeolewa Nairobi alimletea kompyuta na mashine ya kunakili picha. Alimfundisha kuingiza nyimbo kutoka kwenye santuri, moja baada ya nyingine, na kila santuri ikawa na mahali pake: jina, nyimbo, na mraba mdogo wa kuweka picha ya jalada. Pasipokuwa na picha, mraba ulibaki wa kijivu. Binti alirudi kwake, akamwacha baba na miraba ya kijivu kioo kizima.

Hiyo ndiyo iliyomsumbua. Nyimbo zilicheza vizuri, hata zile zenye mikwaruzo, lakini yeye alikaa mbele ya kioo akiutazama mraba. "Nani anaimba hapa?" aliniuliza.

"Jina limeandikwa, Mzee."

"Jina naliona. Nauliza ni nani."

Basi akaanza kutafuta majalada. Aliwaambia wateja, akawaambia wauza ndizi, akawaambia watu wa Nyamache waliokuja mjini: mwenye jalada la santuri la zamani alilete, atarudishiwa. Mimi niliingia kazini bila kuombwa, maana jalada la santuri kubwa halikuenea kwenye mashine yake ya kunakili picha. Ilibidi nilipige kwanza kwa kamera, nisafishe picha ndogo, kisha yeye aiingize.

Vitu vilivyoletwa vilinichanganya kichwa. Watu walileta kalenda. Walileta makopo ya biskuti. Mama mmoja alileta picha ya askofu iliyokatwa gazetini, na alipoambiwa huyu si mwimbaji alishangaa: "Anaimba! Kila Jumapili anaimba!" Mwingine alileta jalada la kweli ambalo alikuwa akilipepea jiko nalo, lenye alama ya kidole gumba cha masizi. Hilo mwenye duka alilipokea kama amerudishiwa ng'ombe.

Sikuweza kujua alichotaka. Kuna mwalimu aliyemletea jalada safi kabisa, akalikataa kwa sababu lilichapishwa upya baadaye na rangi ya shati si ile. Kesho yake akapokea jingine ambalo mtoto fulani alimchorea mwimbaji masharubu kwa kalamu ya wino. Nilimwambia naweza kuyafuta masharubu yale nikiwa nasafisha picha.

"Acha," akasema. "Sasa ni yake."

"Lakini shati la jana si lake?"

Akageukia Kiswahili. Nikaenda zangu.

Kati ya miraba yote ya kijivu, ulikuwepo mmoja aliourudia kila siku. Ni wa mpiga gitaa kutoka upande wa Nyacheki, aliyetoa santuri moja tu ya nyimbo za Ekegusii, kisha akafariki angali kijana. Niliusikia wimbo wake kupitia ukutani mpaka nikaujua. Mtu anamwomba mkewe asifunge mlango, yuko njiani, miguu yake imejaa matope. Ni hayo tu, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayetabasamu. Mwishowe mama mmoja muuza ndizi akatuambia jalada lile lipo, limetundikwa ukutani nyumbani kwa mjane wa mpiga gitaa.

Tulikwenda Jumapili, kwa sababu familia ile ni Wasabato na Jumamosi haifai. Pikapu ya mwenye duka ilipanda vilima vya majani chai kwa kunung'unika, kamera yangu mapajani. Alikuwa na furaha. Aliniambia alimjua mpiga gitaa yule, alikuja dukani kununua nyuzi, na siku zote aliacha gitaa lake pale ili asinyeshewe nalo.

Alitupokea mwana mkubwa, Ondieki, mkulima wa chai, mrefu kiasi cha kuinama mlangoni mwake mwenyewe. Sebuleni viti vyote vilikuwa na vitambaa vya kufuma, na ukutani, ndani ya fremu yenye kitambaa chake pia, lilikuwepo jalada: kijana mzuri mwenye kofia ameegemea nguzo ya baraza, gitaa kifuani. Mama yake Ondieki, mjane mwenyewe, alikaa karibu na mlango wa jikoni, akatusalimu.

"Huyu ndiye baba," Ondieki akasema. "Alipofariki nilikuwa sijaanza shule. Wadogo zangu hawamkumbuki kabisa. Lakini tumekua tukimwona hapa kila siku." Akatueleza kwamba wanajenga kaburi kwa saruji, na fundi wa Nyamache ameanza kuichora picha ile kwenye jiwe. Jumapili inayofuata ndugu wote watakusanyika liwekwe. Halafu akamgeukia mwenye duka. "Mzee, wewe ulimjua. Niambie. Alikuwa hivi hivi?"

Mwenye duka aliisogelea picha. Akaitazama muda mrefu mno. Niliona sikio lake likibadilika rangi.

"Gitaa ni lake," akasema.

Ondieki alifurahi kwa jibu hilo. Mimi nililiona la ajabu, lakini mambo mengi ya mzee yule niliyaona ya ajabu. Hakuniambia nipige picha. Alikunywa chai, akashukuru, akasimama, na mjane akasema atatusindikiza mpaka kwenye gari.

Tulipoifikia pikapu mama alizungumza kwa sauti ya chini. "Umemtambua."

"Nimemtambua," mwenye duka akasema. "Ni fundi wetu wa redio. Alikuwa anakaa barazani kwetu. Yuko hai, Mama. Yuko Kiogoro."

Ndipo nilipoelewa, au nilipoanza. Kumbe watu wa santuri walipomtuma dukani mpiga picha wa jalada kutoka Nairobi, mto ulikuwa umejaa na mpiga gitaa hakuweza kuvuka. Mpiga picha hakutaka kungoja. Baba yake mwenye duka akachukua gitaa lililoachwa pale, akamtwika fundi wa redio, akamvisha kofia. Mwenye duka, kijana wakati huo, ndiye aliyemwonyesha namna ya kushika, kisha miaka ikamsahaulisha mpaka alipoiona picha ile ukutani.

"Mume wangu alipoliona jalada alicheka," mjane akasema. "Alisema, huyu ni mzuri kuliko mimi, santuri itauzwa. Halafu akafa. Hakuwahi kupigwa picha nyingine isipokuwa ya kipande, kitambulisho chake, na kipande kilirudishwa kwa chifu alipokufa. Watoto wakaanza kuniuliza, baba alikuwa na uso gani. Wewe ungewaonyesha nini?"

"Na majirani?" mwenye duka akauliza.

"Wazee wanajua. Nani atamwambia yatima kwamba yule ukutani si baba yake?" Akaushika mlango wa pikapu. "Lakini jiwe sikulitegemea. Kumweka mtu aliye hai juu ya kaburi, hilo naliogopa. Na kumwambia Ondieki, hilo naliogopa zaidi. Nilipokuona unaingia nikasema, sasa mwingine atasema badala yangu. Na wewe ukasema gitaa."

Mwenye duka aliwasha gari. Njiani hakusema neno, si la Ekegusii wala la Kiswahili. Tulipofika mjini alilipita duka lake mwenyewe akaendelea na safari, mpaka nilipomshika mkono.

Siku mbili alikaa na duka wazi bila kucheza chochote. Nilimwona anautazama mraba wa kijivu. Mara anasema jalada ni jalada, liwekwe kama lilivyochapishwa. Mara anasema tukiliweka tutakuwa tumemzika fundi. Aliniuliza maoni yangu, nikampa, akaniambia nimekosea. Nikampa maoni ya kinyume, nayo pia yakawa makosa. Siku ya tatu alifunga duka mchana, tukaenda Kiogoro.

Fundi wa redio alikuwa na mvi sasa, lakini uso ulikuwa ule ule wa kofia. Tulimkuta amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Aliposikia habari alicheka mpaka akaweka chini chuma chake cha kulehemu. Kisha kicheko kikaisha.

"Kwa hiyo kila mwaka watapalilia pale wakinitazama mimi? Na mimi bado nakunywa uji?"

"Tumekuja kukueleza tu," mwenye duka akasema. "Sijui la kufanya."

Ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akisema hajui.

"Mimi najua," fundi akasema. "Nitakwenda mwenyewe."

"Utawaambia nini?"

"Hata sijui. Lakini nikifa nataka kufa mara moja."

Hatukungoja Jumapili. Kesho yake asubuhi tulikuwa watatu kwenye pikapu, fundi katikati, amevaa koti la kanisani. Alikuwa ametuuliza mara kadhaa kama avue kofia au abaki nayo. Hatukujua. Tulipoingia uani, binti mdogo wa Ondieki alikuwa anafukuza kuku. Alimwona fundi akishuka, akasimama, akakimbilia ndani akipiga kelele, "Sokoro amekuja! Sokoro amekuja!" Babu amekuja.

Ondieki alitoka na kikapu cha kuchumia chai mgongoni. Akamtazama mtu aliyesimama uani. Akageuza kichwa, akatazama ndani kupitia mlango, ukutani. Akamtazama tena mtu. Nimepiga picha za harusi na za misiba, lakini uso kama ule sijawahi kuuona, na kamera ilikuwa shingoni mwangu na sikuweza kuinua mkono.

"Baba," akasema polepole, maana kwa Ekegusii ndivyo tunavyomwita mama, "huyu ni nani?"

Mama alitoka jikoni, akaifuta mikono yake. "Ni mtu wa kwenye picha," akasema. "Siye baba yako."

Alimweleza yote pale pale, amesimama. Fundi alikuwa amevua kofia na kuikunja mpaka ikaharibika. Mwenye duka alisema sehemu yake: mto, mpiga picha, namna alivyomwonyesha fundi kushika gitaa. Akasema, "Uliniuliza swali, nikakujibu jingine."  Ondieki alikwenda kwenye majani chai, akapotea kati ya mistari, na hatukumwona kwa muda mrefu. Mjane alitukaribisha tukae. Hakuna aliyekaa.

Aliporudi alikuwa ameuacha mzigo wake huko. Akasimama mbele ya mama yake.

"Sasa baba alikuwa na uso gani?"

 Nadhani mama alikuwa ameshindwa pa kuanzia, maana ni fundi aliyesema kwanza, "Alikuwa mfupi."

Ondieki akajitazama, urefu wote ule.

"Hakuwa mfupi," mjane akasema.

"Mama, samahani, alikuwa mfupi sana. Gitaa lilimfika hapa."

"Gitaa lilikuwa kubwa!"

"Na pua," mwenye duka akasema. "Pua ilikuwa pana."

"Nani alikwambia pana? Ilikuwa imelala upande mmoja, alianguka utotoni. Upande huu." Mjane akaonyesha kwa kidole. Fundi akasema ni upande ule mwingine. Wakabishana. Mwenye duka, aliyekataza watu wote kukisia, alikisia hapo nyusi, masikio, hata pengo la jino, na mjane akamkatalia kila kitu, sauti ikipanda, mpaka ghafla akaanza kucheka, akacheka na kulia kwa pamoja, mkono mdomoni. Ondieki alikaa chini, kwenye udongo, akawasikiliza. Aligeuza kichwa kwa kila aliyezungumza. Hakutaka waache.

Jiwe lile fundi wa Nyamache alilisugua, akaandika jina tu. Jalada Ondieki alilishusha ukutani ili nilipige picha nje kwenye mwanga, na nilipomaliza nilidhani atampa fundi wa redio aende nalo. Alilirudisha kwenye msumari wake.

"Akae," akasema. "Huyu naye ametulea."

Fundi wa redio alitazama chini. Sikujua kama ameona haya au amefurahi. Ninachojua ni kwamba baada ya hapo alikwenda Nyacheki mara kwa mara, na yule mtoto wa kuku hakuacha kumwita Sokoro.

Nilimkabidhi mwenye duka picha ya jalada, safi, kofia na gitaa na nguzo ya baraza. Nikaona kazi imekwisha.

Miezi ilipita. Kanda nazo zikaanza kudorora, na binti yake akamshawishi afunge duka, yeye na mkewe wakaishi naye Nairobi. Wiki ya mwisho alinigongea ukuta. Nilimkuta kati ya maboksi, kila kitu kimefungwa isipokuwa kompyuta na mashine yake ya kunakili. Kioo kilijaa nyuso sasa, za makoti na za kofia, masharubu ya kalamu, kidole gumba cha masizi. Mraba mmoja ulikuwa wa kijivu.

"Lakini nilikupa picha," nikamwambia.

"Ulinipa. Nimeiweka, nikaitoa. Nimeiweka tena, nikaitoa." Alizungumza Ekegusii, taratibu. "Ile ni ya jalada. Hiyo ni kweli. Lakini kila nikicheza wimbo namwona fundi wa redio anamwomba mke wa mtu asifunge mlango."

Akaugusa mraba ule kwa kidole.

"Filamu ile ya Nyacheki," akaniuliza, "kulikuwa na nini kingine?"

Nilirudi studio nikatafuta. Ilikuwepo picha moja, ya mwisho, ambayo sikumbuki kuipiga. Nadhani nilimalizia tu filamu. Ni ya mjane, siku hiyo hiyo, uani, baada ya fremu kurudishwa ukutani. Mabishano ya pua yalikuwa yameanza tena na mimi sikuwa nasikiliza. Mkono uko nusu ya njia kwenda mdomoni, macho yamebanwa na kicheko, hatazami kamera. Niliisafisha, nikamletea ingali na unyevu. Aliikausha kwa mgongo wa mkono wake, akaiweka kwenye mashine. Ikajitokeza kiooni kidogo kidogo kutoka juu: kitambaa cha kichwa, paji la uso, macho.

"Mzee, hili si jalada," nikasema. "Watu watadhani huyu mama ndiye mwimbaji."

"Hapa anamtazama nani?"

Nikaiangalia vizuri. "Hatazami mtu. Anabishana kuhusu pua ya mumewe."

"Anaiona?"

"Nadhani anaiona."

"Basi yumo," akasema, akaihifadhi.

Mraba ukajaa. Akabonyeza wimbo uanze, akanisogezea kiti. Niliinama karibu na kioo, nikaanza kumtafuta mpiga gitaa machoni mwa mkewe.